Mwalimu kamkalisha chini ya mwembe

Shangazi, binti yangu ana miaka 9. Mwaka jana goti lake la kulia lilivimba, tukahangaika sana mpaka hospitali ya rufaa wakatuambia ni baridi yabisi ya watoto. Anameza dawa mara moja kwa wiki na uvimbe umepungua. Lakini mwalimu hataki acheze. Wenzake wakicheza rede, yeye anakaa chini ya mwembe akiwalindia viatu. Bibi yake naye anasema goti bovu halichezewi. Mtoto analia, nami naogopa goti lisije likaharibika. Nifanyeje?
Mama Binti, Tanga

Mwanangu, mtoe mtoto chini ya mwembe.

Mwalimu na bibi wana huruma, sikatai. Zamani hata madaktari waliwalaza kitandani watoto wa aina hii. Siku hizi ushauri umegeuka. Kinachokula goti ni uvimbe usiotibiwa, na kazi ya kuutibu ni ya dawa. Kukaa tu kunasinyaza msuli wa paja. Msimamishe umtazame mapaja yote mawili. Usishangae la kulia likiwa limekonda. Goti lisilo na msuli wa kulishika huchoka upesi na kuuma zaidi.

Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili wastani wa dakika 60 kwa siku. Wako atafika huko taratibu, robo saa leo, robo saa kesho. Hapo Tanga mna bahari: maji yanambebea uzito huku miguu ikifanya kazi. Baiskeli pia inamfaa. Na rede acheze, akichoka atoke mwenyewe.

Maumivu kidogo wakati wa mchezo si neno. Yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya kucheza, au akiamka kesho yake anachechemea, mpunguzie mchezo, usimkataze. Siku goti limevimba na lina moto, kuruka kamba kusubiri, ila kulikunja na kulinyoosha polepole kuendelee.

Asubuhi ndiyo saa yake ngumu, viungo vimekakamaa. Mwamshe mapema kidogo, aoge maji ya uvuguvugu, achezeshe goti hapohapo bafuni kabla ya sare. Usiku usimwekee mto chini ya goti. Anaona raha, najua, lakini goti linazoea kukunjika na mwisho halinyooki tena.

Mwalimu anaogopa lawama mtoto akiumia mikononi mwake, na mimi ningeogopa. Kliniki ijayo omba barua ya daktari au ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, itaje anachoruhusiwa kufanya. Barua ya makatazo matupu itamrudisha mwembeni.

Bibi mpe kazi. Jioni mtoto akae kwenye kiti, anyooshe mguu mpaka goti linyooke kabisa, bibi ahesabu moja mpaka tano, kisha aushushe. Mara kumi kila mguu. Bibi anayehesabu hana nafasi ya kukataza.

Kuna jambo hukuligusa: macho. Ugonjwa huu unaweza kuwasha uvimbe ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu, mpaka mtoto apoteze uwezo wa kuona. Anahitaji kupimwa na daktari wa macho kila baada ya miezi michache, hata akisema anaona vizuri. Kama hajapimwa tangu ugonjwa ugundulike, mpeleke wiki hii.