"Niko Sawa" Si Jibu: Maswali Matano kwa Mgonjwa wa Moyo

Moyo unaposhindwa kusukuma damu inavyotakiwa, maji hujikusanya mwilini. Miguu huvimba, pumzi hukatika na uchovu hauishi hata baada ya kulala. Huu si ugonjwa wa wazee pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, uliohusisha wagonjwa 1,006 kutoka nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulipata kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu.

Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache tu. Akimuuliza hali, hujibiwa, "Niko sawa." Lakini huenda mtu aliyezoea kupanda vilima vya Iveti kwenda shambani sasa humtuma mjukuu. Hahemi kwa sababu ameacha kupanda, si kwa sababu amepona.

Hojaji huziba pengo hilo. Inayotumika sana duniani ni ile ya Kansas City, Marekani, iliyochapishwa mwaka wa 2000. Ina maswali 23, na ile fupi ina 12. Huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita, kisha majibu hupewa alama kati ya 0 na 100. Alama zikishuka, hali inazorota.

Nawe unaweza kuanza na daftari. Kila Jumapili andika tarehe na ujibu:

1. Je, miguu ilikuwa imevimba nilipoamka? Siku ngapi?
2. Ni kazi gani iliyonikatiza pumzi: kuoga, kutembea au kupanda mlima?
3. Je, nililala nimeketi, au kwa mito mitatu au zaidi?
4. Uchovu ulinizuia kufanya nini?
5. Ni kazi gani nimeiacha tangu mwezi uliopita?

Asiyeweza kuandika asomewe maswali kwa Kikamba, na jamaa aandike majibu yake, si maoni ya jamaa. Mwonyeshe daftari mhudumu wa afya ya jamii anapokutembelea, na ulibebe kila unapoenda kliniki.

Hata hivyo, usingoje Jumapili uzani ukiongezeka kilo 2 kwa siku tatu. Nenda kituo cha afya. Ukikosa pumzi ukiwa umetulia, ukiumwa na kifua au ukizirai, fika hospitalini mara moja. Usiache wala kubadilisha dawa kwa sababu ya majibu yako. Hilo ni la daktari.