Lengelenge Lisikunyime Ushindi

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wangu mimi ulikuwa kisiginoni.

Mwaka jana nilijiandaa kwa mbio za mita 5,000. Hapa Masalani twafanyia mazoezi mchangani, na jua letu mwalijua. Nilivaa raba za kuazima, soksi sina. Mzunguko wa nne, kisigino kikaanza kuchoma. Nikajiambia, "Ah! Kitu kidogo hicho." Niliogopa kuitwa mlegevu. Jioni palikuwa na lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi kumi. Nikalipasua kwa ncha ya kalamu, likatunga usaha. Timu ilipoondoka kwenda Garissa, mimi nilibaki langoni nikiwapungia mkono.

Lengelenge hutokeaje? Mguu ukikanyaga, mfupa husogea huku ngozi imeshikwa na kiatu. Mvutano huo ukirudiwa mara nyingi, tabaka za ngozi huachana ndani kwa ndani, na maji hujaa katikati. Jasho huongeza msuguano, kwa kuwa ngozi yenye unyevu hushika kuliko kavu. Mchanga nao hukwaruza.

Kinga ni hizi:

Kwanza, vaa kiatu kinachokutosha, na ukizoee kwa mbio fupi. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu, kwani alivyopewa havikumkaa vizuri. Lakini nyayo zake zilikuwa zimeshazoea, usimwige ghafla! Mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hii amevaa viatu.

Pili, vaa soksi zisizo na mikunjo. Za pamba tupu hukaa na jasho. Za nailoni hukauka upesi. Kung'uta mchanga kila mara.

Tatu, bandika plasta ya karatasi mahali panaposuguliwa, kabla ya kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata wakimbiaji 128 katika mbio za jangwani za kilomita 250. Plasta hiyo ilipunguza malengelenge kwa asilimia 40 hivi.

Nne, pakianza kuchoma, simama papo hapo. Vua, futa, funika.

Na likishatokea? Dogo liache, lifunike tu. Kubwa lenye maumivu, mwone muuguzi alitoboe pembeni kwa sindano safi. Ngozi ya juu isibanduliwe, maana ndiyo bandeji yake. Ukiona usaha, au mguu ukivimba na kupata joto, nenda hospitali bila kuchelewa. Mwenye kisukari asijitoboe kamwe.

Kisigino changu kimepona, lakini safari ile ya Garissa haikurudi. Laiti ningemwambia mwalimu wa michezo siku ile ile, "Mwalimu, naumia," ningepumzika siku mbili tu. Basi ndugu yangu, usinyamaze kama mimi. Tuonane uwanjani!