Tusimfiche, Tusimtupe

Wako watu wengi wadhanio kwamba ulevi huwapata wanyonge tu, wasio na kazi wala malezi. Dhana hiyo si kweli. Mwaka 1976 Mwingereza James Hunt alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari; lakini mkono ule ulioliongoza gari kwa mwendo wa kutisha haukuweza kujizuia mbele ya chupa. Pombe ilimwandama hata baada ya kuacha mashindano mwaka 1979. Mwishowe aliiacha, akapata kipindi kifupi cha utulivu, kisha akafa kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1993, mwenye umri wa miaka 45. Ikiwa bingwa alinaswa hivyo, twawezaje kumwambia kijana wetu, "Acha tu," tukadhani tumemaliza kazi?

Mfano ulio karibu nasi zaidi twaupata kisiwani Unguja. Pale Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, palikuwa na soko la watumwa, nalo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Miaka mia na zaidi baadaye utumwa mwingine ukaingia katika vichochoro vya mji ule ule, nao ni unga wa heroini. Mnyororo wa mtumwa wa zamani ulionekana na kila mtu. Mnyororo wa huyu wa sasa umo mwilini mwake.

Yawapasa wazazi kuelewa jinsi mnyororo huo unavyofungwa. Heroini huupa ubongo raha ya uongo, na mwili huizoea upesi, ukadai kipimo kikubwa zaidi. Mwishowe mtu haitumii ili apate raha, bali akimbie mateso ambayo watumiaji huyaita arosto. Saa 8 hadi 12 hivi baada ya kipimo cha mwisho huanza makamasi, jasho, kutapika, kuharisha na maumivu ya mifupa. Mateso hayo huzidi kwa siku mbili tatu, nayo hupungua katika muda wa juma moja hivi. Lakini tamaa hubaki miezi mingi, pengine miaka. Kwa hiyo kumfungia kijana chumbani juma moja na kutangaza kwamba amepona ni kujidanganya. Tena ni hatari, kwa kuwa mwili uliopumzika hauwezi kustahimili kipimo cha zamani. Akikirudia, huenda pumzi ikakatika akafa.

Je, hakuna njia ya kutoka? Ipo. Mwaka 2009 Suleiman Mauly, Mzanzibari ambaye mwenyewe alikuwa mtumwa wa heroini, alikuwa miongoni mwa walioanzisha soba hausi kisiwani Unguja. Humo waliopona huishi pamoja na wanaotafuta kupona. Huamka kwa saa, hufanya kazi za nyumba, hukutana na kusema ukweli wa maisha yao. Hufuata hatua 12 zenye asili yake Marekani, katika chama cha walevi wa pombe kilichoanza mwaka 1935: kukiri kwamba umeshindwa, kumtegemea Mungu, kuyahesabu makosa yako, kuwalipa uliowadhulumu, na kumsaidia mwenzako. Wengi wa vijana hao ni Waislamu. Lakini Mkatoliki ajuaye maana ya kuungama na kufanya malipizi hatayaona mambo hayo kuwa mageni.

Iko pia njia ya hospitali. Mwaka 2011 Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa dawa ya methadoni, na mwaka 2015 huduma hiyo ikafika Kidongo Chekundu, Unguja. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto kwa siku nzima pasipo kumlewesha, naye huweza kufanya kazi na kuepukana na sindano za kushirikiana, ambazo hueneza UKIMWI na homa ya ini. Wasemao kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi hawakufikiri vema. Mtu aliyekuwa akiiba ili apate kete, na leo yuko kazini na usiku yumo nyumbani mwake, huyo ameanza kuwa huru.

Sasa twawageukia wenye nyumba. Twaona makosa mawili. La kwanza ni kuficha: mama hulipa madeni ya mwanawe, huwaambia jirani kwamba ana malaria, na kila fedha impayo huishia kwa muuza unga. Mficha maradhi, kilio humfichua. La pili ni kutupa: baba humpiga, humfukuza, humkana mbele ya ukoo; naye hupokewa na wale wale waliomharibu.

Lililo bora ni lipi? Asipewe fedha, bali apewe chakula. Asifichwe, bali apelekwe kwenye tiba. Akianguka baada ya kupona, asihesabiwe kuwa amekufa. Wengi huanguka mara kadhaa kabla ya kusimama. Naye arudipo nyumbani, apewe kazi na kiti chake mezani. Tukimnyima hivyo, tutakuwa sisi wenyewe tunamrudisha sokoni.