Kuhamisha Nyaya za Gari la Kuchinja: Mambo ya Kukubaliana na Fundi Kabla Waya wa Kwanza Haujakatwa

Wamiliki wengi wa magari ya zamani, kama vile Land Rover zenye bodi imara na injini iliyochoka, huamua kuyawekea injini kutoka gari jingine lililopata ajali. Gari hilo la pili mafundi huliita gari la kuchinja. Uamuzi huo una manufaa yake. Hata hivyo, mara nyingi mwenye gari hupanga bajeti ya injini, gia boksi na kuchomelea, akausahau mtandao wa nyaya, yaani wayaringi. Katika somo hili tunaeleza kwa nini mtandao huo ndio huamua kama gari litatoka gereji au litabaki huko.

Injini mbili, mahitaji mawili

Injini ya dizeli ya Toyota 1HZ, iliyotumika miaka mingi katika Land Cruiser, ina pampu ya mafuta inayofanya kazi kimakanika. Nyaya zake ni chache: za stata, altaneta, plagi za kupasha joto, vali inayofungua mafuta kwenye pampu, na za geji. Fundi mzoefu huweza kuziunganisha na nyaya za awali za gari.

Injini ya 1KD-FTV, iliyofungwa katika Hilux na Prado, ni habari nyingine. Kiasi cha mafuta na wakati wa kuyapuliza huamuliwa na kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontrol boksi, kwa kutegemea taarifa za sensa nyingi. Pasipo kompyuta hiyo na nyaya zake, injini hiyo ni mzigo wa chuma tu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tambua injini unayoitaka ni ya aina ipi kati ya hizi mbili.

Nunua vyote kutoka gari moja

Kwa injini ya kompyuta, tunashauri ununue kwa pamoja, kutoka gari lile lile: injini, kontrol boksi, mtandao mzima wa nyaya, boksi la fyuzi na rilei, pedali ya mafuta yenye sensa, na swichi pamoja na ufunguo wake. Magari mengi ya kisasa yana mfumo wa kuzuia wizi unaoutambua ufunguo mmoja mahususi. Ufunguo ukikosekana, injini huweza kukataa kuwaka ingawa kila waya uko mahali pake.

Kataa mtandao uliokatwa karibu na soketi. Muuzaji anayekata nyaya ili kuharakisha kuitoa injini hukuachia mamia ya ncha zisizo na jina, na saa za kuzitambua utazilipia wewe. Dai pia risiti inayoonyesha namba ya injini, ili usije ukanunua mali ya wizi.

Mpangilio wa kazi

Kazi nzuri hufuata utaratibu huu:

1. Gari la kuchinja liwashwe kabla ya kufunguliwa, ikiwa bado linaweza kuwaka. Hitilafu iliyokuwapo tangu mwanzo ijulikane.
2. Kila soketi ipigwe picha na kuwekewa kibandiko chenye jina kabla ya kuchomolewa.
3. Mtandao ulazwe wote katika gari jipya, na injini iwashwe ukiwa bado mzima.
4. Baada ya hapo tu ndipo nyaya zisizohitajika, kama za vioo vya umeme au redio, ziondolewe kwa kufuata mchoro wa nyaya wa modeli hiyo.
5. Nyaya za hasi zifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu. Hasi mbovu huleta hitilafu zinazofanana na ubovu wa sensa, na mteja huishia kununua sensa zisizo na kosa.

Fundi anayeanza na hatua ya nne anakata asichokijua.

Fyuzi hulinda waya

Watu wengi hudhani fyuzi hulinda taa au redio. Kazi yake hasa ni kuulinda waya usipate moto. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja, kwa volti 12, huvuta takriban ampea 9. Fyuzi yake ikiungua mara kwa mara, pana hitilafu. Fundi akiweka ya kijani ya ampea 30 badala ya ya buluu ya ampea 15, waya mwembamba huweza kuyeyuka kabla fyuzi haijakatika. Hivyo ndivyo moto unavyoanza nyuma ya dashibodi.

Kabla ya malipo ya mwisho

Andikianeni makubaliano yanayotaja kazi, bei, muda na dhamana. Usilipe fedha zote mwanzoni. Siku ya kukabidhiwa gari, omba kuonyeshwa mambo manne:

- altaneta inachaji kati ya volti 13.8 na 14.5 injini ikiwa inaunguruma;
- taa zote, honi na waipa vinafanya kazi kwa pamoja;
- hakuna waya unaogusa ekzosi au kupita kwenye ukingo wa bati bila mpira wa kuulinda;
- mchoro wa mabadiliko yote, hata wa kuchorwa kwa mkono, unakabidhiwa kwako.

Mchoro huo usiuone mdogo. Siku gari litakapozimika mbali na gereji iliyolitengeneza, ndio utakaomwongoza fundi mwingine.

Mwisho, injini ikibadilika, taarifa za usajili nazo zibadilishwe: kwa Tanzania ni TRA, kwa Kenya ni NTSA. Namba ya injini isiyolingana na kadi ya gari huleta matatizo wakati wa kuuza gari na wakati wa kudai bima.

Kumbuka: injini unaweza kuinunua kwa siku moja, lakini nyaya zilizokatwa ovyo huweza kuliweka gari juu ya mawe kwa miezi. Kubaliana na fundi wako mapema.