Turubai la Kujaza Upepo: Lipime Kabla Hujalipa

Ndugu zangu mlioko Uingereza, msimu wa joto ukiisha watu huuza maturubai ya karavani ya mtumba, yale yasiyo na nguzo za chuma, yanayosimama kwa mirija ya hewa. Bei inavutia, na unawaza kulitia kwenye kontena likakodishwe nyumbani. Subiri kwanza. Nguzo ikipinda utainyoosha, lakini mrija ukitoboka paa linalala, na spea nyumbani huenda usiipate.

Fanya hivi:

1. Mwombe muuzaji alijaze upepo mbele yako, mliache saa kadhaa. Akikataa, ondoka.

2. Paka maji ya sabuni kwenye valvu na mirija, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Povu likichemka, hapo panavuja.

3. Usidanganyike na baridi. Usiku hewa husinyaa, mrija ukalegea bila kutoboka. Juani hewa hutanuka, kwa hiyo punguza upepo mchana, la sivyo mrija unaweza kupasuka.

4. Linuse. Harufu ya ukungu maana yake lilikunjwa bichi.

Haki zako je? Ukinunua dukani, sheria ya 2015 inakupa siku 30 kurudisha kitu kibovu na kudai pesa yako yote. Ukinunua kwa mtu binafsi, ulinzi ni mdogo: anabanwa hasa na maelezo aliyoyatoa. Basi tunza tangazo lake na meseji zote.

Pesa uliyoitolea jasho isiishe na upepo.