ELIMU KWA WANANCHI: Antena Imara kwa Ripita ya Redio za Ridhaa

Maporomoko ya tope yaliyoikumba Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, yalidhihirisha jinsi barabara na makazi yanavyoweza kuharibiwa kwa muda mfupi. Mtandao wa simu ukikatika wakati wa maafa, redio za ridhaa, zinazoendeshwa na watu wenye leseni bila kufanya biashara, huweza kupeleka taarifa. Hata hivyo, katika nchi ya vilima kama Kolo, mawimbi ya redio ya mkononi huzuiliwa na miinuko. Hapo huhitajika ripita: mtambo wa mahali pa juu unaopokea sauti na kuirusha upya papo hapo.

Antena ya ripita hukaa juani, upeponi na mvuani mwaka mzima. Antena ndefu iliyofunikwa kwa faibaglasi hufika mbali, lakini viungo vyake vya ndani huweza kukatika kwa kutikiswa na upepo, na ufa mdogo huingiza maji. Kwa kuwa ripita hurusha na kupokea kwa wakati mmoja, kiungo kilicholegea au chenye kutu huzua kelele inayofunika sauti dhaifu ya mwomba msaada.

Iliyo imara zaidi ni dipoli iliyokunjwa, ya bomba nene la alumini, iliyoungwa na mnara kwa chuma. Kwa masafa ya megahezi 145, urefu wake ni takriban mita 1. Dipoli mbili zikipangwa wima na kuunganishwa ipasavyo, nguvu inayoelekea upeo wa macho hukaribia kuwa maradufu.

Wakati wa kufunga, yazingatiwe haya:

1. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Shaba isigusane na alumini.
2. Viungo vya kebo vifungwe utepe wa mpira, kisha utepe unaostahimili jua.
3. Kebo ipindwe chini kabla ya kuingia chumbani, ili maji yadondoke nje.
4. Mnara na kebo viunganishwe na nondo ya shaba ardhini ili kupunguza madhara ya radi.
5. Ukaguzi ufanyike kila mwaka kabla ya masika.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Aidha, Michoro ya Miambani ya Kondoa ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006. Mwamba wowote usitobolewe bila kibali cha mamlaka za mambo ya kale.