Floraidi Ndooni: Soma Cheti cha Maji, Piga Hesabu

Visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru vina maji maangavu yasiyo na harufu. Lakini yana floraidi nyingi, na athari zake huonekana mdomoni mwa mtoto: meno ya ukubwani huwa na mabaka ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Floraidi hiyo hutoka kwenye miamba ya volkano.

Tuseme cheti cha maabara cha kisima kimoja kimeandika "floraidi 6 mg/L". Kingine kitaandika "6 ppm". Ni kitu kimoja. Lita ya maji ina uzito wa kilo moja, yaani miligramu milioni moja. Basi kila miligramu iliyomo ndani ya lita ni sehemu moja katika milioni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, kwa hiyo kisima hiki kimekizidi mara nne. Ukikuta mikrogramu, gawanya kwa 1,000 kwanza, usije ukashtuka bure kuona "1,500".

Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiguswi. Lita 5 za kisima hiki zina miligramu 30. Zikichemka bila kifuniko hadi zibaki lita 4, miligramu ni zile zile 30: gawanya kwa 4, unapata 7.5. Funika sufuria, na maji yakishachemka, epua.

Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno, na hapo ndipo hesabu inapokuwa na faida. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata 3, bado ni nyingi. Lakini kwenye ndoo ya lita 20 tia lita 5 za kisima na 15 za mvua: 30 gawanya kwa 20, ni 1.5. Tangi la maji ya mvua likipungua, maji hayo yawe ya kunywa na kupikia tu, watoto wa chini ya miaka 8 wakitangulizwa. Kufua na kuoga, kisima kinatosha.

Magadi ya kulainishia makande nayo yaangaliwe. Yapo yanayotia floraidi nyingi sufuriani kuliko maji yenyewe.

Mwenye chujio la mkaa wa mifupa, kama yale yaliyofanyiwa utafiti Ngurdoto, karibu na Mlima Meru, ajue kwamba mkaa hushiba, kisha floraidi hupita bila maji kubadilika rangi wala ladha. Maabara ipelekewe pia maji yanayotoka kwenye chujio, katika chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji hayo hayo.